Naomba Ribiti Dhaifu

Hapa Kolwezi ukitaka bolti ya gurudumu la lori la madini, utaipata kabla hujamaliza kuitaja. Ukitaka nati ya ukubwa wa ngumi, kijana wa duka atakuuliza tu kama unapenda nyeusi au ya zinki. Mnyororo wa kuvuta greda lililozama topeni? Huo umening'inizwa mlangoni, unakugonga kichwani ukiingia kununua balbu. Sasa jaribu kuomba ribiti laini, yenye kichwa kipana, ya kushikia gari la faibaglasi. Kwanza utaangaliwa. Kisha utaulizwa kama leo umekula.

Mimi nimeangaliwa vya kutosha, na leo nalalamika. Asiyetaka malalamiko ageuze ukurasa, asome matokeo ya mpira.

Gari lenyewe nimeachiwa na marehemu mjomba. Alikuwa mtu wa karakana za Gécamines, enzi zile kampuni ilipokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka na wahandisi wa Kibelgiji bado wanacheza tenisi jioni. Mmoja wao alipofunga virago kurudi kwao, alimuuzia mjomba bagi, kijigari cha wazi kisicho na milango wala paa la kuaminika. Chini ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, juu ni sinia la faiba lililomwagwa na kampuni ya Apal ya huko Ubelgiji. Wazo lilikuwa la Mmarekani, Bruce Meyers wa California, ambaye miaka ya 1960 aligundua kwamba ukiivua Volkswagen bati lake lote, ukaifupisha na kuivika faiba, inakimbia mchangani kwa raha isiyo kifani. Dunia nzima ikamwiga. Mjomba akaliita gari la michezo, na katika ukoo wetu hakuna aliyethubutu kumuuliza ni mchezo gani.

Alipofariki, shamba lilikwenda kwa wanawe, nyumba ikaenda kwa mjane, nami nikaitwa mbele ya wazee nikakabidhiwa bagi. Mke wangu alipolitazama aliuliza swali moja tu: linabeba magunia mangapi ya unga? Halibebi hata moja. Tangu siku hiyo gari hilo nyumbani linaitwa "ile kitu yako."

Basi, ile kitu yangu ilikuwa imetulia, haimsumbui mtu, mpaka siku niliyokuwa nyuma ya lori lililojaa mawe ya madini, barabara ya kwenda Likasi. Wanaoijua barabara ile hawahitaji maelezo. Lori lilipanda tuta, likarusha jiwe, na jiwe likatua juu ya madigadi langu la kushoto. Nikasimama. Ufa ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu, na kando yake jiwe limekaa, kijani kibichi, malakiti safi ya kuweka kabatini. Vijana wawili walikuja mbio kutoka vichakani. Nikajua wanakuja kunipa pole. Waliliokota jiwe, wakalipima uzito kwa mikono, wakanishukuru, wakaondoka nalo. Kwa hesabu yangu mimi ndiye niliyelilipia.

Nikalipeleka gari kwa fundi wa bodi. Nasema fundi kwa sababu ndivyo kibao chake kilivyoandikwa. Alilizunguka, akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mashine ya kuchomelea. Nikamwambia, ndugu yangu, hii si bati, ukiichomelea itawaka. Akaiweka mashine chini kwa masikitiko, akachukua nyundo. Nikamwambia, hii pia haigongwi. Hapo alinitazama kwa huruma, akauliza, "Patron, kama haichomwi na haigongwi, ulinunua ya nini?"

Jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta alifurahi kupita kiasi. Yeye ana Peugeot 504, ya bati kutoka pua hadi mkia, na ana habari moja anayoitunza kwa ajili ya siku kama hizo: Safari Rally ya mwaka 1975. Lancia walikuja Kenya na Stratos, gari la michezo la ukweli, lenye mwili wa faiba na injini ya ukoo wa Ferrari, wakiwa na Sandro Munari na Björn Waldegård. Wakashika nafasi ya pili na ya tatu. Ya kwanza ikachukuliwa na Ove Andersson ndani ya Peugeot 504. "Bati, jirani," ananiambia akiligonga boneti lake lisikike mtaa mzima. "Bati!" Namkumbusha kwamba wa pili na wa tatu katika Safari Rally si watu wa kuchekwa, na kwamba 504 yake yeye haijafika hata Fungurume tangu Mei. Lakini ubishi wa magari hauna refa.

Fundi naye hakukata tamaa, nami nikaona afadhali angekata. Nilipopitia kuangalia maendeleo, nilikuta ameliunga madigadi kwa skrubu za kuezekea, zile zenye mpira mweusi chini ya kichwa, na nafasi zilizobaki amezijaza ribiti za mifereji ya mvua. Kazi ilikuwa imenyooka, sikatai. Kutoka mbali ungedhani ni paa la kanisa. Ukisogea karibu ndipo unaona kila tundu limezungukwa na utando wa buibui.

Niwaeleze wasiojua, kwa kuwa wauzaji wenyewe hawana muda wa kuwaeleza. Ribiti ya kuvuta ni kibomba chembamba cha alumini kilichopenyezwa msumari wa chuma katikati. Unakitia tunduni, unabana koleo lake, msumari unavutwa, kichwa chake kinakiumua kibomba kule nyuma usikokuona, halafu msumari unakatika: pa! Kwenye bati, kule kuumuka ndiko kunakoshika, maana bati linainama kidogo na kukubali. Faiba haikubali. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya rezini, na ribiti ikiumuka ndani ya tundu inazisukuma nyuzi pembeni, rezini inapasuka, rangi ya juu inachora nyota. Siku ya kwanza huoni kitu, unamlipa fundi, mnaagana kwa salamu za wake na watoto. Kisha yanakuja matuta. Tundu linapanuka, ribiti inaanza kucheza ndani yake, na asubuhi moja unaiokota sakafuni mwa gari, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Kilichovunjika ni gari.

Kwa hiyo ribiti ya faiba ni lazima iwe na kichwa kipana, ili mbano utawanyike. Iwe ya alumini laini, na msumari wake ukatike mapema kabla haujatesa kitu. Nyuma yake ikae rondeli, kile kisahani cha bati cha chini ya nati, nacho kiwe kipana. Tundu lizidi unene wa ribiti kwa unywele, lisibane. Na lisitobolewe pembeni mwa ufa, bali mbali nao, angalau mara tatu ya unene wa ribiti kutoka ukingoni. Kuna hata ribiti zilizotengenezwa makusudi kwa vitu laini: mkia wake hupasuka vipande vinne na kulala chali nyuma ya faiba, ukitandaza mzigo. Nimeziona katika picha. Kuziona kwa macho hapa mkoani Lualaba, Mungu anisaidie.

Wenzetu wenye magari ya faiba waliliwaza jambo hili zamani. Wamarekani wana Corvette ya faiba tangu 1953, mwaka ambao yalitoka magari 300 tu. Waingereza wa Lotus, kwenye magari kama Elan ya mwaka 1962, walizamisha vipande vya chuma ndani ya faiba tangu kiwandani, ili bolti ikabane chuma kwa chuma na faiba ibaki na amani yake. Mjomba aliuziwa bagi, hakuuziwa hekima iliyokuja nayo.

Nikaanza safari ya madukani, upande wa Manika na upande wa Dilala. Na hapa ndipo kero yangu hasa ilipo, maana nimegundua kwamba mji huu unaabudu nguvu. Sishangai. Kila kitu hapa ni kizito. Mgodi una malori ambayo tairi lake ni refu kuliko baba mwenye nyumba. Nchi hii ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, ikiachwa nyuma na Chile peke yake, na sehemu kubwa ilitoka katika mkanda huu wetu. Kobalti nayo, zaidi ya theluthi mbili ya ile ya dunia nzima inachimbwa Kongo. Mabamba ya shaba yanapita mbele ya nyumba yangu usiku na mchana, yanaelekea Kasumbalesa, yateremke hadi Dar es Salaam au Durban. Malori yakirudi yanabeba saruji, chokaa, salfa, unga wa mahindi, na mahali fulani katikati ya hayo yote, pakiti za ribiti. Ribiti zilizochaguliwa na mtu mwenye kufikiria kontena.

Bolti za hapa zina namba kichwani: 8.8, 10.9, 12.9. Namba ikipanda, ugumu unapanda. Muuzaji akikuona unasitasita mbele ya 8.8 anadhani umeidharau, anapanda ngazi, anakuletea 12.9, anaipuliza vumbi na kukuwekea mkononi kwa heshima.

"Papa, hii hata kamyo inashika!"

"Kijana, mimi sina kamyo. Gari langu zima linainuliwa na wanaume wanne."

"Basi hii haitaliachia kamwe."

Ndiyo shida yenyewe. Haitaliachia, italipasua. Lakini jaribu kusimama mbele ya kaunta, nyuma yako mafundi wa migodini wamepanga foleni na kofia zao za plastiki, useme kwa sauti: naomba ribiti iliyo dhaifu. Walicheka, wote. Mmoja akauliza kama nataka na bolti za kitambaa.

Kwa bolti nilitaka chuma kisichoshika kutu, inoksi, ya milimita 6. Chuma cha kawaida kikipata mvua za Novemba hadi Aprili kinaota kutu, kutu inavimba ndani ya tundu, na faiba inapasuka bila hata kuguswa. Nikaenda na sumaku ya spika mfukoni, kwa kuwa inoksi nzuri ya bolti, ile wanayoiandika A2, sumaku huivuta kidogo sana au haiivuti kabisa. Niliposogeza sumaku, pakiti nzima iliruka ikanifuata. Muuzaji hakutikisika. "Papa, hii ni inoksi ya nguvu. Ndiyo maana sumaku inaipenda."

Kule soko la madini la Musompo mchimbaji mdogo akifika na gunia lake, mnunuzi anamwelekezea jiwe kile kimashine wanachokiita Metorex, kinatamka asilimia ya shaba na ya kobalti, na mchimbaji, ambaye hakiamini hata kidogo, anabaki kubishana na kioo. Natamani siku moja kimashine hicho kielekezwe upande wa pili, kwenye pakiti za bolti zinazoingia. Kila punje inayotoka Kolwezi inapimwa. Kinachoingia tunakipima kwa sumaku ya spika.

Na malipo! Duka linalokuuzia inoksi ya kupenda sumaku ndilo hilo hilo linaloinua noti yako ya dola juani, linaigeuza, linaipapasa ukingo, kisha linakurudishia kwa sababu ina mchaniko wa ukubwa wa mguu wa sisimizi. Bidhaa ikiwa na ufa ni bahati mbaya yako. Noti ikiwa na ufa ni jinai.

Aliyenielewa ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa karakana za vyuma, ambaye watu humfuata wakitaka geti au sufuria ya harusi. Ni mmoja wa wale 10,655 walioaga Gécamines mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Hiari hiyo anaizungumzia kwa kicheko kisichoniruhusu kuuliza zaidi. Huyu ribiti anaijua kwa jina la utani. Enzi zake zilipashwa moto hadi ziwe nyekundu, mtu akazirusha, mwingine akazidaka kwa ndoo, zikatiwa tunduni na kugongwa kichwa zikiwa bado zinawaka. Zikipoa zinanywea, na katika kunywea zinayavuta mabamba mawili yakumbatiane. Mnara wa Eiffel umeshikiliwa na ribiti za namna hiyo, kama milioni mbili na nusu.

Nilimletea gari. Hakushika nyundo wala mashine. Aliinama, akaligonga madigadi kwa kifundo cha kidole, akasogeza sikio, akagonga tena pengine, kama daktari kifuani. Kisha akanyooka.

"Huyu hana mfupa. Usimufinye. Umutandikie."

Akanipangia kazi. Kwanza skrubu zote za paa zing'olewe. Pili, mwisho wa ufa pande zote mbili utobolewe katundu kadogo, ili ufa ukifika pale usipate njia ya kuendelea. Tatu, kwa ndani faiba ikwanguliwe kwa msasa hadi mbali na ufa, itandikwe nyuzi na rezini tabaka kwa tabaka, maana kinachoshika gari hili ni kiraka, bolti na ribiti ni wasaidizi tu. Halafu, pale ambapo mkono unafika nyuma, bolti ya inoksi, rondeli pana pande zote mbili, na chini ya rondeli mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori. Kaza kwa mkono mpaka mpira uanze kutuna, kisha acha. Nati iwe ile yenye nailoni ndani, inayojishika yenyewe bila kukazwa hadi kufa. "Wewe unaona aibu kuacha," aliniambia, akimaanisha vijana wote wa Kolwezi walioshika spana. Mimi si kijana, lakini nilifurahi.

Rondeli pana, bila shaka, hazikuwepo. Zilizokuwepo zilikuwa nene, za chesisi. Nikaenda kwa msanii anayefua mabamba ya shaba, mmoja wa wale wanaowauzia wageni tembo na ramani ya Afrika. Nikamwomba anikatie visahani vya duara, tambarare, vyenye tundu katikati. Kwa ufundi hana mpinzani: watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba, ikawa fedha na mahari, karne nyingi kabla kampuni ya Union Minière haijazaliwa mwaka 1906. Tatizo lake ni kwamba hawezi kuacha sehemu tupu. Niliporudi kuchukua, kila rondeli ilikuwa na uso wa Mwana Pwo, yule mwanamke wa barakoa ya Kichokwe, machozi na kila kitu, na tundu la bolti limepita mdomoni. Nilishindwa hata kukasirika.

Mzee alizikataa. Si kwa ajili ya Mwana Pwo. Shaba na alumini, alisema, ukizilaza kitanda kimoja halafu mvua ikanyesha, alumini inaliwa. Ribiti za alumini zingekuwa unga katika misimu michache. Kwa hiyo nina rondeli za shaba zinazopendeza mno na hazina kazi. Mke wangu amezitundika kwenye pazia la sebule na ndicho kitu pekee cha gari hili alichowahi kukisifu.

Vijana wa pikipiki za teksi walinicheka kwa njia nyingine. Wao hawanunui ribiti kabisa. Plastiki ya pikipiki ikipasuka wanatoboa vitundu pande mbili za ufa, wanashona kwa waya, wanakunja ncha, safari inaendelea. Ukiwatazama kwa makini wana hoja: watu wa Lamu na Pate walivuka bahari na mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hayana msumari hata mmoja, na mshono unajipinda pamoja na wimbi. Kijana mmoja alijitolea kunishonea madigadi saa hiyo hiyo. Akachomoa waya. Ulikuwa wa shaba, mwekundu, mpya unaong'aa, wa unene ambao kwa kawaida hukaa juu ya nguzo. Nikamuuliza ameupata wapi. Akasema, "Papa, wewe unataka waya ao unataka historia?" Nikaona bora niondoke na ufa wangu. Katika mji ambao umeme unakatika kwa sababu nyaya zimekatwa, sitaki nisimamishwe barabarani na mtu mwenye filimbi anayetaka cheti cha asili ya madigadi.

Kiraka cha faiba tulikitandika Juni, na hilo nalo ni la kulalamikiwa. Wageni wanadhani Kongo ni joto tupu. Kolwezi ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni ukitoka nje bila koti unapiga meno. Rezini hutaka joto la kama nyuzi 20 na kikaushio cha asilimia moja hadi mbili, ndipo igande kwa utaratibu. Fundi wangu alipoona haigandi, akamwaga kikaushio kwa roho yake yote, na kopo likaanza kufuka moshi mkononi mwake. Akalirusha. Likaangukia upande wa 504 ya jirani, na kwa mara ya kwanza nilimsikia jirani akilisema vibaya bati. Mzee akaagiza tusubiri jua la saa sita, tupime kwa kijiko. Kiraka kikaganda vizuri, kigumu, kimetulia. Bolti zimeingia, mpira umetuna, tumeacha.

Kumebaki sehemu moja tu. Pale mbele, madigadi linapoungana na pua ya gari, chini ya taa, kuna ukingo uliofungika kotekote kwa ndani. Mkono haufiki. Hata wa mtoto haufiki, nimemwazima wa jirani tukajaribu. Hapo bolti haiwezekani, ni ribiti tu, ile inayojifunga nyuma bila kuonwa. Ndiyo ile ile ya kichwa kipana niliyoanza nayo.

Na sasa sikilizeni kinachoniumiza. Ribiti hizo zipo Kolwezi. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, kila jengo linalojiheshimu linavalishwa mabamba ya alumini yanayong'aa, ya bluu, ya kijivu, ya dhahabu. Nilisimama chini ya jukwaa la mafundi wanaoyafunga, nikitazama juu, na moja ikaanguka karibu na mguu wangu: alumini, kichwa cha milimita 14, laini, bapa, nzuri ya kutia machozi. Nikamwendea msimamizi wao. Zinakuja na kontena la mradi, akasema, kwa makasha ya 1,000, zimehesabiwa, hatuuzi rejareja. Nikamwambia nataka chache tu. Akasema hata moja haiuzwi. Hata ile ya mkononi mwangu akaniomba nimrudishie.

Basi nawaomba, ninyi mnaojenga, ninyi mliobomoa kibanda cha duka mkakivika upya, ninyi wenye shemeji anayefanya kazi ya kuvalisha majumba. Jengo likiisha, makasha hayaishi. Zinabaki ribiti chini ya saruji na kwenye mifuko ya ovaroli, na kesho yake zinafagiliwa. Msizifagie. Ninazotaka ni za alumini, unene milimita 5, kichwa milimita 14, urefu milimita 16, kwa kuwa kiraka changu ni kinene na nyuma yake haiingii rondeli. Rangi yoyote inakubalika, hata ya dhahabu. Zikiwa na msumari wa alumini badala ya chuma, nitakualika na chakula. Nalipa taslimu, kwa dola isiyochanika.